Kumu Tihomir na Mwalimu wa Jumatano

Bibi Stamenka hakumkatalia Tihomir ukumu, yaani heshima ya kumsimamia mtoto kwenye ubatizo. Hilo lieleweke tangu mwanzo, maana kumkatalia kumu ni dhambi, na bibi alikuwa na miaka themanini na moja, hakuwa tena na nafasi ya kutubu dhambi kubwakubwa. Alichofanya ni kuahirisha. Kitukuu wake wa kike alikuwa ametimiza miezi minne, nguo nyeupe ya ubatizo imeshapigwa pasi, padre ameshatoa tarehe mbili, na kila tarehe ilipokaribia bibi alisema magoti yanamuuma, tungoje kidogo.

Babu yake Tihomir ndiye aliyemsimamia mume wa Bibi Stamenka ubatizoni. Baba yake Tihomir akamsimamia mtoto wao. Tihomir mwenyewe, akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, alimshika Veljko, mjukuu wa bibi, juu ya birika la ubatizo, na Veljko akalikojolea koti ambalo halikuwa la Tihomir bali la ukumbi wa maigizo. Sasa Veljko naye alikuwa amepata binti, na zamu ilikuwa ya Tihomir tena. Kati ya nyumba hizi mbili ukumu ulirithiwa kama shamba linavyorithiwa, ila huu hakuna aliyewahi kuupeleka mahakamani.

Tihomir Stošić hakuwa na mke wala mtoto. Katika mji mzima wa Leskovac palikuwa na meza moja tu yenye kiti chake, nayo ni ya Bibi Stamenka, na alikikalia kiti hicho kwa sababu moja tu: yeye ni kumu. Mtu mwingine angemsimamia mtoto yule, kiti kingekwenda naye. Tihomir alilijua hilo vizuri, na usingizi ulimpaa.

Kisa chote kililetwa na runinga. Kwa miaka ishirini na mitano Tihomir aliigiza katika ukumbi wa mji: tarishi, mlinzi wa pili, daktari anayekuja kusema mgonjwa ameshakufa. Halafu Belgrade wakamwita. Walikuwa na mchezo wa kila Jumatano, Korido ya Pili, na walitaka mtu mwenye uso wa mwalimu wa historia. Akawa Mwalimu Dragutin. Kwa vipindi kumi mji ulimbeba. Mchinja nyama alimpa minofu bila mfupa, na wanawake waliokuwa wakichoma pilipili hoho barabarani, kama kila mwaka msimu huo, walimwita aonje.

Kikaja kipindi cha kumi na moja. Mvua inanyesha, na mwanafunzi mmoja aitwaye Nevena, msichana wa miaka kumi na saba, anaonekana akishuka kwenye gari la Mwalimu Dragutin. Wenzake wawili wako nyuma ya pazia. Kufika asubuhi shule nzima inanong'ona. Mkuu wa shule anamwita mwalimu, anamuuliza, na mwalimu hajibu, anatazama dirishani. Maandishi ya mchezo yalisema atazame kwa muda mrefu, na Tihomir akatazama kwa muda mrefu kweli. Ukweli ni kwamba alikuwa akitazama kama gari la chakula limefika. Lakini nchi nzima iliuona uso ule, na nchi nzima ikasema: huyu ana lake.

Alhamisi yake muuza pilipili hoho alimwambia zimekwisha, na magunia thelathini yako nyuma yake. Mama wa duka la dawa alimkabidhi dawa ya macho kwa ncha za vidole viwili. Mkuu wa sekondari ya mji, mkuu wa kweli huyu, aliyekuwa amemwalika kusoma mashairi siku ya shule, alimwandikia kwamba ukumbi unavuja. Kina mama wenye mabinti walivuka barabara wakimwona, na wasio na mabinti walivuka pia, wasionekane wanamtetea.

Akaenda kwa Bibi Stamenka na pakiti ya kahawa na kilo ya sukari, kama mtu mwenye adabu. Bibi akampokelea getini.

"Bibi, mimi ni mwigizaji."

"Kazi yako naijua. Tiketi nililipa."

"Basi huyo Dragutin si mimi."

"Sura ile ya nani?"

"Yangu."

"Sauti?"

"Yangu, bibi."

"Sasa hapo Dragutin kabaki wapi, kwenye suruali?" Bibi akaichukua kahawa, maana kahawa haina kosa. "Lisemwalo lipo, kumu wangu. Mimi sikukatai, Mungu apishe mbali. Tungoje tu tuone mwisho wa mchezo. Ukitoka msafi, kesho yake tunabatiza."

"Mchezo una vipindi thelathini msimu huu, bibi."

"Mtoto ana afya njema."

Veljko alijaribu kumtetea kumu wake, akaishia kutumwa kupasua kuni. Bojana, mkewe, alimwambia bibi kwamba huu ni upuuzi, naye akajibiwa kwamba mwanamke aliyezaliwa mjini Niš hawezi kujua. Padre Gradimir alikuja kwa makusudi kabisa, akamweleza bibi kwamba sakramenti haiwezi kusimamishwa na mchezo wa runinga. Aliongea vizuri, kwa kirefu, kisha alipokuwa akitoka alimshika Tihomir mkono kwenye kona na kumuuliza polepole kama yule msichana atafukuzwa shule au vipi.

Tihomir angesema nini? Hata yeye hakujua. Maandishi ya mchezo yaliletwa vipindi vitatu vitatu, na Budimir, mtayarishaji, alipoulizwa kwa simu kama Dragutin ana hatia, alijibu kwamba hata waandishi bado hawajui, wanaangalia kwanza watazamaji wanataka nini.

Ndipo Tihomir akakumbuka slava, sikukuu ya mtakatifu wa nyumba. Tarehe nane Novemba ni siku ya Mtakatifu Dimitri, mtakatifu wa nyumba ya Bibi Stamenka, na slava haina kadi ya mwaliko. Anayekumbuka anakuja, na anayekuja hafukuzwi, hata angekuwa ndiye aliyekuchomea ghala. Siku hiyo bibi asingeweza kumsimamisha getini. Na Tihomir, kwa akili zake zote, aliamua asiende peke yake. Alimpigia simu Kalina, mwigizaji aliyekuwa Nevena. Kalina alikuwa na miaka ishirini na minane, na mume, daktari wa meno aitwaye Relja, na mtoto wa miaka miwili mwenye tabia ya kung'ata watu. Wakija wote watatu, Tihomir alijiambia, mwenye macho haambiwi tazama.

Wakaja. Chumba kilikuwa na watu kumi na wanane, nyama ya nguruwe, kabichi, mkate mkubwa katikati, na mshumaa mrefu ukiwaka mbele ya picha ya mtakatifu. Bibi Stamenka alipomwona Kalina aliinuka bila kuyakumbuka magoti, akauchukua uso wa binti yule kwa mikono miwili.

"Mwanangu, umekonda," akasema. "Mama yako anajua uko hapa?"

Kisha macho yake yakateremka hadi kwa mtoto.

Vijiko vikasimama. Tihomir aliona vidole vya wanawake vikianza kuhesabu miezi chini ya kitambaa cha meza. Shangazi mmoja kutoka Vlasotince alisema kwa sauti ambayo yeye aliidhani ni ya chini kwamba masikio ni yaleyale. Relja, mtu mpole asiyetazama runinga, alisogea mbele na kunyoosha mkono.

"Mimi ndiye mume wake," akasema. "Na huyu ni mwanangu, Gavra."

Bibi akamtazama kwa huruma kubwa. "Mungu akubariki, kijana," akamwambia. "Si kila mwanamume angekubali."

Kalina alicheka mpaka akashindwa kusimama, ikabidi apelekwe jikoni. Wanawake walidhani analia, wakamfuata na kumlisha, wakamfunga shali, wakamwambia yaliyopita yamepita. Alitoka huko na mitungi mitatu ya pilipili za kusaga na namba ya simu ya Bibi Stamenka. Lakini Tihomir alibaki sebuleni peke yake na watu kumi na watano, na mpango wake wote umeporomoka, na hakuna aliyemwambia akae. Kiti chake kilikuwa pale pale karibu na jiko. Juu yake wameweka makoti.

Bibi aliporudi alikuwa ameshaamua. Alimwita Tihomir mbele ya picha ya mtakatifu.

"Kumu, mimi nimezeeka, nakubali. Labda naona visivyokuwepo. Basi nitoe wasiwasi. Weka mkono hapo kwenye mshumaa, uape mbele ya Mtakatifu Dimitri kwamba Dragutin hana lolote na yule binti, hakuwa nalo, wala hatakuwa nalo."

Hapo ndipo Tihomir angesema ukweli: kwamba hajui, kwamba hakuna ajuaye, kwamba jambo lenyewe bado halijaandikwa. Aligeuka kutafuta uso wa kumsaidia. Alichokiona ni mtoto aliyekuwa mapajani mwa Bojana, kavaa soksi za njano, anamkodolea yeye macho kama anayengoja jibu kuliko wote. Akaushika mshumaa.

"Naapa," akasema. "Hana, hakuwa nalo, hatakuwa nalo."

Jumapili wakabatiza. Tihomir alimshika mtoto, akaisoma Kanuni ya Imani bila kukosea hata neno moja, akamtemea ibilisi mate mara tatu, ya mwisho yakampata mshika mishumaa. Mtoto akaitwa Petkana. Hakulia. Tihomir ndiye aliyelia, na hakuona haya, akalia mbele ya mji mzima uliokuwa umejaa kanisani kuja kuona kama maji yatachemka.

Siku tisa baadaye bahasha ikafika kutoka Belgrade. Tihomir aliifungua akiwa amesimama, akasoma kipindi cha ishirini na nne, akakaa. Watazamaji walikuwa wameulizwa. Uvumi ulikuwa kweli. Mwalimu Dragutin alikuwa amemdanganya binti wa watu tangu mwanzo, na katika ukurasa wa thelathini na moja angekiri kwa kinywa chake, kwa kinywa cha Tihomir, siku ya Jumatano, saa mbili usiku.

Asingelipenda jambo hilo hata kama pasingekuwa na mshumaa. Lakini mshumaa ulikuwepo. Alipanda basi la asubuhi hadi Belgrade akiwa na uoga wa mvulana aliyevunja kioo cha jirani, na njia nzima alikuwa akifanya mazoezi ya kuchekwa.

Budimir alicheka, ndiyo. Alicheka aliposikia habari ya kumu, akacheka zaidi aliposikia ya masikio ya mtoto. Waandishi wawili, vijana wasioamini kitu chochote isipokuwa kahawa, walicheka pamoja naye.

"Kwa hiyo uliapa," akasema Budimir akijifuta machozi. "Uliapa vipi?"

"Kwa mshumaa wa slava."

"Unaowaka?"

"Unaowaka."

"Mtakatifu yupi?"

"Dimitri."

Budimir akaizima sigara yake. Mtakatifu Dimitri alikuwa wa nyumba yake pia. Siku ile ile, tarehe nane, na yeye alikuwa amesimama mbele ya mshumaa wa aina hiyo hiyo akipokea watu arobaini. Alifanya ishara ya msalaba kwa haraka, kama mtu anayetafuta miwani kifuani. Mmoja wa waandishi, msichana mwenye nywele za kijani, alisukuma kiti chake nyuma kidogo, mbali na karatasi.

"Nina watoto," Budimir akasema. "Siwezi kumvunjisha mtu kiapo kama hicho halafu nikalale nyumbani kwangu." Alifikiri. "Lakini kutokuwa na jambo kabisa pia haiwezekani, Tihomir. Tangu kipindi cha kumi na moja nimewaahidi watu jambo. Lazima kitokee kitu kizito."

"Basi niue," Tihomir akasema.

Alisema kabla hajafikiri, na alipofikiri neno lilikuwa limeshatoka. Palikuwa na miaka miwili zaidi ya Korido ya Pili katika mkataba wake. Palikuwa na muuza mikate wa Belgrade aliyemwita kwa jina. Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumngoja jioni, na sasa watu milioni moja walimngoja kila Jumatano, hata kama ni kwa kumchukia. Iliuma, tena iliuma sana. Lakini maji alikwisha kuyavulia nguo.

"Niue nikiwa msafi," akaongeza. "Na ionekane wazi."

Ikaonekana wazi. Januari, katika kipindi cha ishirini na nne, lori la kabichi lilimgonga Mwalimu Dragutin darajani, na mfukoni mwake wakakuta barua. Mama yake Nevena alikuwa mgonjwa hospitalini, amemwomba mwalimu awe anamleta binti yake kumwona, na asimwambie mtu, asije binti akaonewa huruma shuleni. Ndiyo sababu alinyamaza. Ndiyo sababu alitazama dirishani. Nevena aliisoma barua mbele ya darasa zima, na Kalina, lazima isemwe, aliisoma vizuri kupita kiasi.

Kesho yake Tihomir alitoka kununua mkate, akakutana na tangazo la kifo chake. Lilikuwa limebandikwa kwenye nguzo ya umeme, lenye ukingo mweusi kama yalivyo yote, na picha yake, na maneno haya: Dragutin, mwalimu wa historia, amefariki ghafla katika kipindi cha ishirini na nne. Lingine lilikuwa mlangoni pa duka la dawa. Lingine getini pa sekondari, na mkuu wa shule alimpigia simu kumwomba aje, watasimama dakika moja kimya, ingependeza awepo. Muuza pilipili hoho alimngoja nje ya nyumba na maua mawili, mawili kamili, maana wafu hupelekewa maua ya idadi shufwa, akamwegemea kifuani akalia. Tihomir alimbembeleza, akamwambia alikuwa mtu mzuri.

Wiki hiyo alirudi katika ukumbi wa mji. Walikuwa wamemtunzia nafasi. Tarishi.

Siku ya arobaini Veljko alikuja kumchukua, akasema bibi anamtaka nyumbani kwa chakula. Tihomir hakuwa amehesabu siku. Aliingia na kukuta majirani wamekaa, mvinyo mezani, bakuli la ngano iliyochemshwa ikanyunyizwa sukari, na picha yake yenye utepe mweusi kwenye kona imeegemezwa chupa ya pombe kali ya rakia. Padre Gradimir alikuwepo pia, hakumtazama usoni. Kiti kilikuwa wazi. Akakaa, na Bojana akampakatisha Petkana.

Bibi Stamenka alimletea ngano mwenyewe, kijiko cha kwanza.

"Mungu aisamehe roho yake," akasema.

"Mungu aisamehe," Tihomir akajibu, maana ndivyo inavyojibiwa, akaila.

Watu walipoanza kula na kusimuliana jinsi kila mmoja wao alivyojua tangu mwanzo kwamba mwalimu hana hatia, bibi alivuta kigoda akakaa karibu naye.

"Wewe unanidhani mwehu," akamwambia polepole.

"Hapana, bibi."

"Unanidhani. Si kitu. Yule maskini hakuwa na mke wala mtoto, nani angemfanyia arobaini? Wewe una watu. Yeye alikuwa na sisi tu." Akaziweka sawa soksi za mtoto, ambazo hazikuwa na kasoro. "Siku ile ya slava ulikuwa hujui, sivyo?"

Tihomir akaacha kutafuna.

"Nilikuwa nakutazama usoni," bibi akaendelea. "Nimekujua tangu huna meno. Nikasema, huyu anaapa kitu asichokijua, mbele ya Mtakatifu Dimitri, na mimi ndiye niliyemtia dhambini. Sikulala wiki nzima. Halafu Kalina akanipigia simu. Yeye hunipigia kila Jumapili. Akaniambia ulikwenda Belgrade, na ulisema nini huko, na ilikugharimu nini."

"Hakupaswa kusema."

"Aliapa asingesema. Lakini yeye hakuapa kwa mshumaa." Bibi akachota kijiko cha pili na kukiinua mbele ya mdomo wa mtu wa miaka arobaini na saba kama anavyolishwa mtoto. "Kuapa jambo unalolijua hata mwizi anaweza, Tihomir. Wewe uliapa kwanza, halafu ukaenda kulifanya liwe kweli. Basi fungua mdomo, kumu. Mtoto anakuona."